Upweke wa Mtu wa Kibarua

Liko swali moja ambalo ukilitazama kwa mbali laonekana dogo, lakini ukilishika mkononi lazidi kuwa zito. Mtu akaaye katikati ya watu kumi, alalaye nao chumba kimoja na kula nao sinia moja, aweza kuwa mpweke? Na kama aweza, upweke huo umetoka kwake mwenyewe, au umetoka kwetu sisi tuliomzunguka?

Kiswahili kimetupa maneno mawili hapa, nasi huyachanganya kwa haraka ya kusema. Upweke ni hali ya mtu kuwa peke yake, wala si jambo baya daima. Mvuvi katika mtumbwi wake alfajiri yu mpweke, na mwenye kusali chumbani mwake yu mpweke, na wote wawili waweza kuwa na furaha. Ukiwa ni jambo jingine. Ukiwa ni hali ya nyumba iliyohamwa na wenyewe, majani yakaota mlangoni. Tena ni hali ya mtu ambaye akipotea leo hakuna atakayeuliza yuko wapi. Upweke mtu huweza kuutafuta kwa hiari yake, bali ukiwa hapana autafutaye. Basi habari yetu ni ya ukiwa, hasa ukiwa wa watu waendao nchi kwa nchi wakitafuta kazi ya kuajiriwa, na zaidi sana wale wachungao ng'ombe wa wengine, ambao ni wengi katika wilaya zetu za Ngara na Biharamulo.

Tutaanza mbali, ng'ambo ya bahari, kwa kuwa aibu ya jirani ni rahisi kuiona kuliko yetu. Mwaka 1937 mwandishi mmoja wa Marekani, John Steinbeck, alitoa kitabu kifupi kiitwacho Of Mice and Men, maana yake Habari za Panya na za Watu. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1902 katika mji wa Salinas, nchi ya California, na katika ujana wake alifanya kazi mashambani pamoja na vibarua, akajua usemi wao na malalo yao. Baadaye, mwaka 1962, alipewa Tuzo ya Nobel. Kitabu chenyewe mtu aweza kukisoma kwa siku moja. Mambo yake hutokea karibu na mji uitwao Soledad, neno la Kihispania ambalo maana yake ni upweke. Na mji huo upo kweli, mwandishi hakuubuni.

Zama zile Marekani ilikuwa katika shida kubwa, kwani biashara zilikuwa zimeanguka tangu mwaka 1929, na wanaume wengi walikuwa wakizunguka na blanketi begani kutafuta kazi ya siku mbili tatu. Kitabu chatuonyesha wawili kati yao. George ni mtu mdogo wa mwili, mwepesi wa akili. Lennie ni pande la mtu, mwenye nguvu za fahali, lakini akili yake ni ya mtoto mdogo. Hawana udugu wa damu. Lennie alilelewa na shangazi yake, naye shangazi alipokufa, Lennie akamfuata George, na George hakumfukuza. Hapo ndipo shida zilipoanza, kwa kuwa Lennie hupenda kushika kila kitu chororo, panya, mtoto wa mbwa, nguo ya mtu, naye hajui kupima nguvu zake. Katika mji wa kwanza alishika gauni la msichana asiliachie, yule akapiga kelele, nao ikawapasa kukimbia usiku. Sasa wafika katika shamba kubwa la shayiri kuanza tena.

Tazameni jambo hili moja, ambalo sisi twaliona ndilo jicho la kitabu chote. Wanapofika, mwenye shamba amtazama George kwa mashaka, akadhani kwamba George amfuata yule mjinga ili amle mshahara wake. Hakuweza kuamini kwamba watu wawili waweza kutembea pamoja pasipo mmoja kumwibia mwenziwe! Katika nchi ile ya upweke, urafiki ulifanana na wizi. Na wale vibarua wengine nao walistaajabu, kwani kila mmoja alikuwa amekuja peke yake, na alijua ya kuwa ataondoka peke yake.

Bweni lao lilikuwa na vitanda vilivyopangwa, na juu ya kila kitanda kasha la tofaa limepigiliwa ukutani, ndani yake wembe, sabuni, dawa, magazeti. Hayo ndiyo yote aliyokuwa nayo mtu. Jioni hucheza karata, na George mara nyingi hucheza ule mchezo wa mtu mmoja. Alikuwamo mzee Candy, mfagiaji, aliyepoteza mkono katika shamba lile lile, naye ana mbwa mzee aliyemlea tangu kuzaliwa. Wenzake wakalalamika kwamba mbwa anuka. Mmoja wao akamchukua nje kumpiga risasi, na mzee akalala chali akitazama dari, na watu wote wakangoja mlio wa bunduki, wakijitia kuzungumza habari za hapa na pale. Hakuna aliyemchukia mzee. Hakuna aliyemtendea ukali. Lakini hakuna hata mmoja aliyeketi kando ya kitanda chake. Sisi tumeona misiba mingi, na twasema ya kwamba kutokuketi kule ni jambo la kutisha kuliko risasi.

Tena alikuwako mtunza nyumbu, Crooks, mtu mweusi mwenye mgongo uliopinda. Huyu hakuruhusiwa kulala bwenini wala kucheza karata na weupe, bali alikaa peke yake katika chumba cha hatamu na matandiko, akasoma vitabu kwa taa yake. Mwandishi atuambia kwamba kimojawapo kilikuwa kitabu cha sheria za California cha mwaka 1905, kimechakaa kwa kushikwa. Twaweza kumwona akikishika usiku, mtu mwenye haki zilizoandikwa asiye na mtu wa kumwambia. Naye Lennie alipomwingilia kwa ujinga wake usiku mmoja, Crooks akafanya jambo baya. Akamwuliza, Je, kama George hatarudi? Kama ameumia, au ameamua kukuacha? Akaendelea kumchoma hivyo hata Lennie akasimama kwa hofu na hasira. Kwa nini alifanya hivi? Hapa twajifunza ya kwamba ukiwa haumfanyi mtu kuwa mpole. Twadhani mtu aliyeachwa atakuwa na huruma kwa walioachwa wenziwe. Lakini mara nyingi sivyo. Mwenye njaa huweza kumwaga chakula cha mwingine kwa kuwa tu si chake.

Hata hivyo usiku ule ule, wa Jumamosi, wenzao walipokuwa wamekwenda mjini, kulitokea ajabu. Ilikuwako ndoto ambayo George alikuwa akimsimulia Lennie njiani kama hadithi ya kumlalisha mtoto, ya kwamba siku moja watanunua kishamba chao, wafuge sungura na kuku, wala mtu asiwaamrishe. Mzee Candy alikuwa ameisikia, akatoa dola zake mia tatu na zaidi, ambazo nyingi zilikuwa fidia ya mkono wake. Ghafula ndoto ikawa na hesabu. Na sasa katika chumba cha hatamu, Crooks naye, aliyekuwa akicheka, akasema kwa sauti ya chini ya kwamba angependa kwenda nao, afanye kazi bila mshahara, apate chakula tu. Basi kwa muda wa nusu saa labda, mjinga na mzee na mweusi mwenye kibyongo walikuwa kijiji. Kisha akaingia mke wa mwana wa bwana. Mwandishi hakumpa jina mwanamke huyu tangu mwanzo hata mwisho wa kitabu. Aitwa kwa jina la mumewe tu. Naye alikuwa mkiwa kuliko wote, mwanamke mmoja katikati ya wanaume wasiothubutu kusema naye. Walipomtaka aondoke, akamtisha Crooks, akamkumbusha kwamba neno lake moja laweza kumfanya anyongwe juu ya mti. Crooks akajikunja ndani yake, akafuta aliyoyasema. Kijiji kikafa. Na George aliporudi kutoka mjini hakufurahi kukuta siri yao imegawanywa. Yeye pia aliulinda urafiki wao kama mtu anavyolinda fedha.

Mwisho wake ni huzuni. Jumapili Lennie amshika nywele yule mwanamke, kwa kuwa mwenyewe alimwambia azishike, naye alipoogopa na kupiga kelele, Lennie amvunja shingo pasipo kukusudia. Watu watoka na bunduki kumtafuta. George amkuta wa kwanza, kando ya mto, amketisha akitazama ng'ambo, amsimulia tena habari za kishamba na sungura, na akiwa katika kusimulia, ampiga risasi kisogoni.

Tumesoma habari hii pamoja na walimu wenzetu, na katika jambo hili hatukupatana. Wengine walisema George alimwokoa rafiki yake na mateso, kwani wale wenye hasira wangemwua kwa ukatili, na afadhali mkono wa rafiki. Walikumbusha ya kwamba mzee Candy alijuta kumwachia mgeni ampige risasi mbwa wake, akasema ingalimpasa kufanya mwenyewe. Sisi hatuwezi kukubali. Mtu si mbwa, na uhai wake si wa rafiki wala wa adui. George aliua, naye atakwenda na jambo hilo kila bweni atakalolala. Lakini baada ya kusema hivyo, na ni lazima kusemwa, twarudi kujiuliza kwa nini mlango wa mwisho aliouona ni ule tu. Na jibu letu ndilo lililotufanya kuandika habari hii. George alikuwa mtu mmoja akibeba mzigo wa kijiji kizima. Alikuwa baba wa Lennie, na mama yake, na mwalimu, na mdhamini mbele ya waajiri, na sasa ikampasa kuwa hakimu. Hapakuwa na mzee wa kukimbilia, wala ukoo wa kulipa fidia, wala kanisa la kugonga mlango, wala hata jirani anayemjua Lennie wa kusema, Huyu tunamjua, si mwuaji, ni mtoto. Watu husema wawili ni bora kuliko mmoja, na Maandiko yafundisha hivyo. Ni kweli, lakini wawili hawatoshi. Urafiki wa watu wawili, hata ukiwa mwaminifu namna gani, usipozungukwa na watu wengine, huvunjika siku ya taabu kubwa, kama nguzo mbili zisizo na fito wala paa.

Sasa turudi nyumbani, kwani huku kwetu watu wamekuwa wakitembea kwa ajili ya kazi kabla kitabu hicho hakijaandikwa. Wazee wa Ngara wanajua. Katika miaka ya utawala wa Waingereza kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa Uganda, katika mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda. Makundi ya watu kutoka Ruanda na Urundi, pamoja na Wahangaza na Wasubi wa kwetu, yalipita kwa miguu kwenda kaskazini, mwendo wa siku nyingi, na mzigo wa chakula kichwani. Hawakwenda mmoja mmoja. Watu wa kilima kimoja walifuatana, na aliyekwisha kwenda mwaka wa kwanza aliwaongoza wapya, akawaonyesha mahali pa kulala na mahali pa kuogopa. Mgonjwa alingojewa, au aliachwa kwa mtu aliyejulikana. Lakini wakifika Buganda mwenye shamba huyu alimchukua mmoja, na yule akamchukua mwingine, kundi likatawanyika. Ndipo ukiwa ulipoanza. Wengi walijipa majina ya Kiganda ili wasitambulike kuwa wageni, na wengine walikaa na majina hayo hata wakafa nayo, na huku nyumbani mama angali akiuliza wapita njia habari za mtu ambaye jina lake halikuwako tena.

Katika mashamba ya mkonge ya upande wa pwani, walikokwenda watu wengi wa magharibi, hasa Waha, vibarua wa mkataba waliitwa manamba, kwa ajili ya namba waliyopewa kila mmoja. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, karatasi yenye nafasi ya siku thelathini, na kila siku iliyotimizwa ikatiwa alama. Twaona kasha la tofaa juu ya kitanda cha yule kibarua wa California na kipande katika mfuko wa manamba ni ndugu. Mtu mzima aingia katika kasha; mtu mzima aingia katika namba. Lakini hayo yamekwisha kupita, na ni rahisi kuwalaumu waliokufa na Wazungu walioondoka.

Leo waajiri ni sisi. Kagera ina ranchi kubwa kama Kitengule na Missenyi, lakini si hizo tunazozikusudia zaidi. Twakusudia yule mwenye ng'ombe ishirini au mia, jirani yetu, mzee wa kanisa labda, aliyeajiri kijana wa kuchunga. Kijana huyo mara nyingi ametoka ng'ambo ya mpaka, Burundi, au ametoka Kigoma au Usukuma. Hulala kibandani kando ya zizi. Mshahara wake hulipwa kwa mwezi, au huahidiwa mtamba baada ya muda waliopatana. Na katika hiyo ahadi ya mtamba kuna maneno mengi ambayo Mungu peke yake ameyasikia, kwani ahadi hufanywa pasipo shahidi, na siku ya kutimizwa ikikaribia, mara kijana aonekana kuwa mvivu, au mwizi, afukuzwe mikono mitupu. Si wote wafanyao hivi. Wafanyao wanajijua.

Tena lugha yetu ina kejeli yake. Neno mchungaji twampa mtumishi wa Mungu asimamaye mbele ya madhabahu, na twampa kijana asiye na viatu alalaye kando ya ng'ombe. Wa kwanza twampisha njiani. Wa pili hatujui jina lake. Ng'ombe aliochunga wana majina, kila mmoja kwa rangi yake na namna ya pembe zake, naye huwaita mmoja mmoja nao humjia. Yeye mwenyewe huitwa Kijana, au Mrundi.

Na jambo la ajabu ni kwamba kwetu Ngara mtu huyo si mgeni wa lugha. Kihangaza na Kirundi hukaribiana hata watu husikilizana bila mkalimani, na Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Urundi mpaka Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi baada ya vita ya 1914–1918. Babu yake na babu yetu walimtii Mwami mmoja. Kwa hiyo hatuwezi kusema ya kuwa twashindwa kuzungumza naye. Maneno tunayo, ila hatumwambii.

Katika kijiji kimoja cha upande wa Biharamulo, ambacho hatutakitaja, alikufa mchunga wa namna hii. Alikuwa amechunga kwa mtu mmoja miaka sita. Homa ilimshika siku tatu. Mwenye ng'ombe hakuwa mtu mbaya. Alinunua dawa, alinunua sanda, alitoa mbao za jeneza. Watu wakakusanyika kwa heshima, katekista akaongoza sala. Ilipofika kuandika msalaba, katekista akauliza jina. Mwenye ng'ombe akataja lile alilozoea kumwita. Akaulizwa jina la baba yake, hakujua. Akaulizwa kilima alikotoka; hakujua. Amebatizwa? Hakujua. Watu wazima wote waliokuwapo wakatazamana, na miaka sita walikuwa wamekunywa maziwa ya mikono yake. Mwishowe mtoto mmoja wa kiume, wa miaka minane hivi, ambaye alikuwa akichunga ndama pamoja naye, akasema kwamba mtu yule alikuwa na dada, na kwamba dada yake hukaa ng'ambo ya mto Ruvubu, karibu na mti mkubwa ulioungua kwa radi. Akaulizwa, Umejuaje? Akajibu kwamba alimwuliza.

Hatuna la kuongeza juu ya jibu la mtoto, ila kusema kwamba halikutosha. Mtoto alikuwa rafiki wa kweli, lakini alikuwa rafiki peke yake, kama George, na alilolijua halikuweza kumfikisha mjumbe kwa dada yule. Yule mchunga alikuwa na mwenzi, asiwe na watu.

Wazee wa nchi hizi za maziwa walilijua jambo hili kabla ya kusoma kitabu chochote. Walikuwa na undugu wa kuchanjiana, ambao Wahaya huuita omukago. Watu wawili walikaa juu ya mkeka, likafunguliwa tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake mna mbegu mbili zimelaliana. Kila mmoja alichanja ngozi yake karibu na kitovu, akapaka mbegu yake damu, na mwenziwe akaimeza. Wageni wengi wakisikia habari hii hustaajabia damu. Sisi twastaajabia mbegu, kwa kuwa ni mbili katika ganda moja. Na zaidi ya mbegu, twastaajabia mashahidi. Undugu ule haukufanywa kwa siri, wala haukuwafunga wawili tu, bali ndugu zao na watoto wao pia. Msafiri mwenye omukago katika nchi ya kigeni alikuwa na nyumba ya kulala, na watu wa kumtetea, na akifa watu wa kumzika kwa jina lake. Rafiki mmoja alikuwa mlango, na nyuma ya mlango palikuwa na nyumba.

Dini ilipokuja, Wakristo waliacha desturi ile, kwa kuwa damu yake na viapo vyake havikupatana na imani, nasi hatusemi irudishwe. Lakini mtu akivua nguo ya mgeni kwa kuwa ina uchafu, hana budi kumpa nyingine. Je, sisi tumempa nini msafiri badala ya omukago? Tutajibu kwamba tumempa Kanisa, ambamo wote ni ndugu kwa damu iliyo bora. Jibu hilo ni la kweli, nasi twaliamini. Basi iwapo ni la kweli, ingetosha kutazama Jumapili nani yuko kanisani na nani yuko na ng'ombe. Mwenye ng'ombe aja na mkewe na watoto, wamevaa vizuri. Na ili wao waweze kuja, yuko mmoja aliyebaki malishoni. Hapumziki siku ya saba, kwani ng'ombe hawajui siku. Tungaliweza kubadilishana zamu, wiki hii kijana wako, wiki ijayo mwanangu. Tumeuliza katika vijiji kadhaa kama desturi hiyo iko. Tulionyeshwa kijiji kimoja.

Wenye ng'ombe wanayo maneno yao pia, na haki yataka yasikilizwe. Husema kwamba wachunga hawakai. Leo yuko hapa, kesho amekimbilia kwa jirani kwa nyongeza ya shilingi elfu chache. Kwamba wengine wameondoka usiku na ng'ombe watatu. Kwamba mtu asiyekaa hajulikani, wala hakuna faida kujifunza jina la mpita njia. Twajua kwamba mambo hayo hutokea. Lakini twaona hapa duara lisilo na mwanzo. Hatumjui kwa kuwa hakai, naye hakai kwa kuwa hakuna amjuaye. Mtu haibi kwa urahisi mahali ambapo mama yake anatajwa katika salamu za asubuhi. Mmoja katika hawa wawili atalazimika kuanza, na sisi hatuoni jinsi yule asiye na kitu awezavyo kutangulia.

Tena kuna hofu, nayo si ya bure. Mwaka 2013 Serikali ilifanya Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kuwaondoa wageni wasio na vibali. Nchi ina haki ya kujua ni nani yumo ndani yake. Lakini katika walioondolewa walikuwamo watu waliokaa miaka mingi, walioa na kuzaa huku, na wengine waliondoka kwa haraka hata hawakudai ujira wao. Yasemwa ya kwamba wako waajiri ambao hawakuhuzunika. Kisha mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi, ambamo zamani wengi waliingiza mifugo kwa siri, yalifanywa hifadhi ya taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, na malisho yakawa haba. Tangu hapo mchunga amejifunza kuwa mtu asiyeonekana. Ukimwuliza jina atakupa jina lolote litakalompendeza masikioni mwako.

Yule katekista aliyezika mtu asiye na jina la baba alinunua daftari. Akachora mistari, akaandika juu yake: jina, jina la baba, kilima alikotoka, mtu wa kupelekewa habari. Akazunguka mazizini jioni, baada ya kukamua, pasipo kuandamana na mwenye ng'ombe yeyote. Wengine walimkimbia wakidhani yeye ni mtu wa Uhamiaji. Mwenye ng'ombe mmoja alimkasirikia, akisema anawafundisha vijana kudai. Tulipoliona daftari lile lilikuwa na majina kumi na moja. Katika mstari wa mwisho, wa mtu wa kupelekewa habari, wanne walikuwa wameandikisha mama zao, na mmoja kaka yake aliyeko Uganda, na mmoja hakutaka kuandikisha mtu. Watano waliobaki walimwomba katekista aandike jina lake mwenyewe. Akaliandika mara tano, akafunika daftari, akauliza kama kuna mtu ajuaye ni siku gani zizi la mwisho, lile lililo bondeni, huwa na watu jioni.